Kinga moja haitoshi: Somo la Kagera kuhusu ngono salama

KITENDAGURO ni moja ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba, makao makuu ya Mkoa wa Kagera. Mwaka 1987, watafiti walipopima damu za wakazi wa mji huo wenye umri wa miaka 15 hadi 54, walikuta asilimia 24.2 kati yao wana virusi vya UKIMWI (VVU). Huyo ni karibu mtu mmoja katika kila wanne.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1996, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13.3. Katika Wilaya ya Muleba kilishuka kutoka asilimia 10 mwaka 1987 hadi asilimia 4.3 mwaka 1999. Mabadiliko hayo yalitokea kabla ya mwaka 2004, ambapo Serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, maarufu kama ARV.

Ni kweli kwamba vifo navyo vilipunguza idadi ya watu waliokuwa wakiishi na virusi. Hata hivyo, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Sweden walibaini kuwa kushuka huko kulionekana zaidi miongoni mwa wanawake vijana wa miaka 15 hadi 24. Kwa kuwa kundi hilo ndilo linaloanza maisha ya kujamiiana, hiyo ilikuwa ishara kwamba maambukizi mapya nayo yalikuwa yakipungua.

Leo njia za kujikinga ni nyingi kuliko zilizokuwapo wakati huo. Tatizo lililobaki ni kwamba watu wengi hawajui kila njia inazuia nini, na haizuii nini. Mwanamke aliyechomwa sindano ya uzazi wa mpango hajakingwa dhidi ya VVU. Mwanamume aliyetahiriwa hajakingwa asimpe mwenzake ujauzito. Anayemeza dawa za kuzuia VVU bado anaweza kupata kaswende.

Ugonjwa ulioitwa Juliana

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983 mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage iliyopo Wilaya ya Muleba. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina linaloeleweka kwa wananchi. Wakazi waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiingizwa kwa magendo kutoka Uganda, kwa sababu miongoni mwa waliougua mwanzoni walikuwamo waliofanya biashara hiyo ya mpakani. Wengine waliamini ni uchawi.

Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Desemba 1999, Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na mwaka 2001 ikaundwa Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS).

Kagera haikusubiri hadi hapo. Familia zilizokuwa zimezika watu wengi zilianza kubadili mwenendo. Utafiti wa kijamii uliofanywa mkoani humo ulionyesha kuwa mila ya kurithi wajane ilipungua, matumizi ya kondomu yaliongezeka, na watu waliotaka kuoana walianza kupima damu kwanza. Jamii iliona kwa macho yake matokeo ya ngono zembe, nayo ikachukua hatua.

Kondomu na kinga mbili

Kati ya njia zote zinazotolewa katika vituo vya afya, kondomu ndiyo pekee inayopunguza kwa pamoja hatari ya ujauzito usiotarajiwa, VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Ipo ya kiume na ya kike. Ya kike huvaliwa ndani ya uke, na humpa mwanamke uwezo wa kujikinga yeye mwenyewe.

Nguvu ya kondomu hutegemea matumizi. Katika wenzi 100 wanaotumia kondomu ya kiume ipasavyo kila tendo kwa mwaka mzima, wawili tu ndio hupata ujauzito. Kwa matumizi ya kawaida, ambapo watu husahau, huchelewa kuivaa au huikosea, idadi hiyo hufikia 13.

Makosa yanayojirudia yanafahamika. Kwanza, mtumiaji anapaswa kuangalia tarehe ya mwisho ya matumizi na kuhakikisha pakiti haijatoboka. Pakiti ifunguliwe kwa vidole, si kwa meno wala wembe. Ncha ya kondomu ibanwe ili hewa itoke, kisha ivishwe hadi mwisho kabla uume haujagusa uke. Baada ya tendo, mwanamume aishike kwenye shina na kuitoa uume ukiwa bado umesimama.

Mafuta ya kupaka, mafuta ya nazi na mafuta ya kupikia huharibu mpira wa kondomu. Wanaohitaji ulainisho watumie ule uliotengenezwa kwa maji. Kuvaa kondomu mbili kwa pamoja hakuongezi kinga, bali huzifanya zisuguane na kupasuka. Kondomu hutumika mara moja tu, na haifai kutunzwa juani au katika pochi ya mfukoni kwa muda mrefu.

Uzazi wa mpango hauzuii VVU

Njia za kisasa za uzazi wa mpango hutofautiana kwa muda na kwa uhakika. Vijiti vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono hudumu miaka mitatu au mitano kutegemea aina yake. Kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi kinaweza kudumu miaka 10 au zaidi. Katika wanawake 100 wanaotumia vijiti au kitanzi, anayepata ujauzito katika mwaka mmoja ni chini ya mmoja.

Sindano huchomwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa matumizi ya kawaida, wanawake wanne kati ya 100 hupata ujauzito kwa mwaka, hasa kwa kuchelewa kurudi kliniki. Kwa vidonge vya kila siku idadi hiyo ni saba, na sababu kubwa ni kusahau kumeza. Njia hizi zikiachwa uwezo wa kuzaa hurudi, ingawa baada ya sindano huweza kuchukua miezi kadhaa.

Vijiti, kitanzi, sindano na vidonge havizuii VVU wala ugonjwa wowote wa zinaa. Kwa sababu hiyo, wahudumu wa afya hushauri kinga mbili: njia ya uzazi wa mpango kwa ajili ya ujauzito, na kondomu kwa ajili ya maambukizi. Ushauri huu una uzito zaidi kwa mwenye wapenzi zaidi ya mmoja, na kwa asiyejua hali ya afya ya mwenzi wake.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 31 ya wanawake walioolewa nchini wanatumia njia ya kisasa ya uzazi wa mpango. Asilimia 21 walihitaji kupanga uzazi lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote.

Siku tatu za dharura

Kondomu ikipasuka, au mtu akibakwa, yapo mambo mawili tofauti ya kuzuia, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni ujauzito. Vidonge vya dharura, ambavyo mitaani huitwa P2, vinapaswa kumezwa haraka iwezekanavyo, vema ndani ya saa 72. Kadiri muda unavyopita ndivyo nguvu yake inavyopungua. Vidonge hivi huchelewesha yai kukomaa na kutoka. Haviharibu ujauzito uliokwisha kutunga, na havifai kuwa njia ya kila wiki, kwa kuwa uhakika wake ni mdogo kuliko wa njia za kawaida.

La pili ni VVU. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, zinazofahamika kwa kifupi kama PEP, huanza kutumika ndani ya saa 72 na humezwa kila siku kwa siku 28 mfululizo. Kabla ya kuzianza mtu hupimwa, na baada ya kuzimaliza hupimwa tena.

Aliyemeza P2 bado hajajikinga na VVU, na aliyeanza PEP bado hajazuia ujauzito. Kwa mkazi wa Kitendaguro, hospitali ya mkoa iko ndani ya manispaa hiyo hiyo. Kwa anayeishi katika visiwa vya Muleba kama Goziba au Bumbire, safari ya majini nayo ni sehemu ya saa hizo 72, hivyo hana nafasi ya kungoja kesho.

Magonjwa yasiyoonyesha dalili

Kisonono, kaswende, klamidia na trikomona hutibika kwa dawa. Hatari yake ni kwamba mengi hukaa mwilini bila dalili, hasa kwa wanawake. Klamidia na kisonono visipotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi na kusababisha ugumba. Kaswende kwa mjamzito huweza kuua mtoto tumboni au kumfanya azaliwe akiwa mgonjwa, ndiyo maana wajawazito hupimwa kliniki.

Vidonda na uvimbe wa magonjwa haya hurahisisha VVU kuingia mwilini. Katika mkoa jirani wa Mwanza, utafiti uliofanyika kati ya mwaka 1991 na 1994 ulibaini kuwa maeneo yaliyoboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa yalikuwa na maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa takriban asilimia 40. Tafiti zilizofuata katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda hazikutoa matokeo kama hayo. Hata hivyo, umuhimu wa kutibu magonjwa haya mapema haukupungua.

Mgonjwa anapotibiwa, mwenzi wake naye anapaswa kutibiwa, vinginevyo wataambukizana upya. Kununua vidonge viwili vitatu dukani bila kupimwa huficha dalili na kuwafanya vimelea kuwa sugu.

Kupima, dawa na tohara

Kipimo cha VVU hakiwezi kuonyesha maambukizi ya jana. Aliyekuwa katika hatari anapaswa kurudia kipimo baada ya miezi mitatu. Kati ya mwaka 2014 na 2017, Manispaa ya Bukoba ilikuwa na mpango mkubwa wa upimaji uliofanyika majumbani, vituoni na katika maeneo ya mikusanyiko. Watu waliokutwa na virusi waliunganishwa na huduma za tiba.

Tangu mwaka 2016, kila anayekutwa na VVU nchini anastahili kuanza dawa mara moja bila kungoja kinga ya mwili ishuke. Anayezimeza kila siku hadi vipimo visione virusi katika damu yake hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Mama mjamzito anayetumia dawa vizuri hupunguza kwa kiasi kikubwa hatari ya kumwambukiza mtoto. Dawa hizo, hata hivyo, hazizuii ujauzito wala kisonono.

Kwa asiye na virusi lakini aliye katika hatari kubwa, ipo dawa kinga iitwayo kwa kifupi PrEP, inayotumika kabla ya tukio.

Kagera pia ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopewa kipaumbele katika kampeni ya tohara ya hiari kwa wanaume. Tafiti zilizofanyika Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda zilionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60. Asilimia 60 si kinga kamili, na aliyetahiriwa bado anahitaji kondomu.

Kwa wasichana, chanjo dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja, kwa wenye umri wa miaka tisa hadi 14.

Vijana na sheria

Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Njia yenye uhakika zaidi kwa kijana ni kusubiri. Kwa aliyekwisha kuanza, kumnyima maelezo hakumrudishi nyuma.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, na kuruhusu mtu kujipima mwenyewe. Novemba 2021, Serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurejea masomoni. Aidha, chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kujamiiana na msichana ambaye hajaolewa aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata kama alikubali.

Kazi haijaisha. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022 na 2023 ulikadiria kuwa watu wazima wapatao 60,000 huambukizwa kila mwaka nchini. Kiwango cha maambukizi kilikuwa asilimia 5.6 kwa wanawake na asilimia 3.0 kwa wanaume wenye umri wa miaka 15 na kuendelea.

Anayekwenda kituo cha afya, awe wa Kitendaguro au wa kisiwani Goziba, anapaswa kumuuliza mhudumu maswali matatu kuhusu njia yoyote anayopewa: Je, inazuia ujauzito? Je, inazuia VVU? Je, inazuia magonjwa mengine ya zinaa? Pale jibu linapokuwa hapana, aulize aongeze kinga gani.