Dokta Cicely Williams na jina alilofundishwa na wamama

Huku kwetu Kivu mtoto akivimba miguu na nywele zikigeuka rangi, tunasemaka: ana bwaki. Kwenye vitabu inaitwa kwashiorkor. Wengi wetu tulikariri lile neno juu ya mtihani, bila kuuliza limetoka wapi.

Limetoka Accra, katika lugha ya Kiga. Aliyeliingiza katika vitabu vya madaktari ni Cicely Williams, daktari wa watoto aliyezaliwa Jamaika mwaka 1893. Mwaka 1929 Waingereza walimtuma Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Akaona watoto wadogo wanavimba, ngozi inabanduka, wanakufa. Akauliza wenyeji: huu ugonjwa munauita namna gani? Wakamwambia: ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake wakati mdogo wake anazaliwa. Jina lilikuwa limekwisha kubeba sababu: ziwa limekatwa, umebaki uji wa mahindi tu.

Mwaka 1933 akaandika hayo. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Hugh Stannus, akabisha: hiyo ni pelagra tu. Williams hakunyamaza. Mwaka 1935 akaandika tena, katika gazeti The Lancet, na safari hii akatumia jina la wale wamama.

Kisha akahamishwa Malaya. Mwaka 1939, huko Singapore, alisimama mbele ya watu wakubwa akasema kwamba kudanganya wamama waache ziwa na kununua maziwa ya kopo ni kuua watoto. Wajapani walipoteka mji mwaka 1942, akafungwa mpaka vita ilipoisha. Mwaka 1948 akaongoza kazi ya mama na mtoto katika OMS, Geneva.

Wengine wakifika hapo wanakaa kungojea pensheni. Yeye, akiwa amekwisha pita miaka 65, alikuwa anafundisha Beirut, na baadaye akaendelea kuzunguka inchi nyingi akitoa mafundisho. Akikumbuka kazi yake, hakusimulia vyeo. Alisimulia gereza: watoto 20 walizaliwa mule ndani, wote 20 walinyonya, wote 20 wakapona. Alikufa mwaka 1992, na miaka 98.

Kwa nini mimi wa kilimo ninaandika habari ya daktari? Kwa sababu wakati wa memwari yangu nilipita mashamba ya mahindi na kipimo mkononi. Niliuliza mbegu, mbolea, nafasi ya mistari, tani kwa hektari. Sikuuliza mama hata mmoja: mtoto uliyemutoa kwa ziwa anakula nini? Maharagi munakula ao munauzisha yote? Mavuno yangalikuwa mazuri, na bwaki ingekuwa palepale nyumbani.

Lisansi ninayo. Lakini lile swali linanidai mpaka leo, na nitakaporudi kijijini nitaanza nalo, kipimo kifuate.