Sindano ya Mbwa: Habari Zake Tangu Zamani

Mwaka wa 1831, katika mji mdogo wa Arbois huko Ufaransa, mbwa-mwitu mwenye kichaa alitoka porini akawauma watu. Mmoja wao alipelekwa kwa mhunzi. Mhunzi akatia chuma motoni mpaka kikawa chekundu, akakichomeka ndani ya vidonda. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya siku zile. Mtoto mmoja wa jirani, mwenye umri wa miaka 8, alisikia vilio vya mtu huyo, asivisahau maisha yake yote. Jina lake Louis Pasteur.

Wasomaji wapenzi, nani kati yetu asiyemjua mbwa? Hulinda nyumba usiku, hufuatana na wawindaji, hucheza na watoto uani. Lakini mbwa huyo huyo, akiisha kushikwa na kichaa, aweza kumwua mtoto aliyemlisha jana. Leo twataka kuwasimulia jinsi watu walivyojifunza kujikinga na ugonjwa huu, na jinsi wanavyolegea kila mara wanapodhani kwamba hatari imepita. Habari zenyewe ni za mbali, lakini zatuhusu sana.

Ugonjwa huu ni wa kale. Katika nchi ambayo leo huitwa Iraki palikuwa na mji wa Eshnunna. Sheria zake ziliandikwa juu ya vibao vya udongo karibu miaka 4,000 iliyopita, nazo zamtaja mbwa mwenye kichaa. Maana yake ni hii: ikiwa wakubwa wamekwisha kumwonya mwenye mbwa, naye asimchunge mbwa wake, na mbwa akamwuma mtu hata akafa, basi mwenye mbwa atalipa shekeli 40 za fedha. Angalieni: watu wale hawakuwa na dawa, lakini walijua vema nani apaswaye kujibu. Si mbwa, bali mwenye mbwa.

Huko Ubelgiji, katika vilima vya Ardennes, Wakristo walioumwa walikwenda kuhiji kwenye abasia ya Mtakatifu Hubert, askofu aliyefariki mwaka wa 727 na msimamizi wa wawindaji. Padri alimchanja mgonjwa kidogo katika paji la uso, akatia humo kipande cha uzi wa stola ya mtakatifu. Kisha mgonjwa alisali novena. Tusiwacheke. Walikuwa na hofu kubwa, wala hapakuwa na mganga wa kuwasaidia. Na kwa kuwa si kila aliyeumwa hushikwa na ugonjwa, wengi walirudi kwao wazima. Lakini yule ambaye ugonjwa ulikuwa umekwisha kumwingia kichwani hakupona, wala kwa chuma cha moto, wala kwa safari ndefu. Sala haikatai dawa. Shida yao ilikuwa kwamba dawa haikuwako bado.

Ugonjwa wenyewe hutendaje kazi? Huletwa na kijidudu kidogo mno, kiitwacho virusi, kilichomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Kikiingia katika kidonda hutembea polepole ndani ya mishipa ya fahamu mpaka kufika ubongoni. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi 1 hata miezi 3. Pengine ni siku chache tu, pengine ni mwaka mzima. Kikiisha kufika, mgonjwa huogopa maji, hushtushwa na upepo, huweweseka. Na karibu wote hufa. Hata leo, pamoja na elimu yote ya waganga, mambo ni hivyo.

Lakini katika mwendo huo wa polepole Pasteur aliona nafasi. Adui akikawia njiani, mlinzi aweza kumtangulia. Pasteur hakuwa mganga, bali mtaalamu wa kemia. Yeye na msaidizi wake Émile Roux walitwaa uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, wakauning'iniza ndani ya chupa ili ukauke. Kadiri ulivyokauka, sumu yake ilipungua nguvu. Ndipo wakawapiga mbwa sindano, wakianza na ile dhaifu na kumalizia na ile kali. Mbwa hao walipoumwa na wenye kichaa, hawakuugua.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja wa Alsace alifika Paris pamoja na mwanawe, Joseph Meister, mwenye miaka 9. Siku mbili kabla yake mtoto alikuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa, hata kutembea kwake kulikuwa kwa shida. Waganga wawili walimtazama, wakasema bila shaka atakufa. Pasteur alisita, kwa maana dawa yake ilikuwa haijajulikana vema kwa watu. Mwishowe alikubali. Mganga Grancher ndiye aliyepiga sindano, kwa kuwa sheria haikumruhusu Pasteur kufanya kazi ya uganga. Sindano 13 zilipigwa kwa muda wa siku 10 hivi. Mtoto alilala vizuri. Pasteur ndiye aliyekosa usingizi. Joseph akapona, na alipokuwa mtu mzima akawa bawabu wa Taasisi ya Pasteur, iliyofunguliwa Paris mwaka wa 1888.

Mwezi wa Oktoba 1885 akaja mchungaji kijana, Jean-Baptiste Jupille, aliyepigana na mbwa mwenye kichaa ili kuwaokoa wachungaji wenzake wadogo. Naye akapona. Lakini mwezi wa Novemba aliletwa Louise Pelletier, msichana wa miaka 10. Siku 37 zilikuwa zimekwisha kupita tangu aumwe. Pasteur alijua kwamba wamechelewa, lakini hakuweza kuwafukuza wazazi wake. Akamtia sindano, msichana akafa mwezi wa Desemba. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni wakati.

Basi, tangu siku hizo watu walijiuliza: Kwa nini kumngoja mtoto aumwe? Afadhali kumkinga mbwa mapema, ugonjwa usifike kabisa katika nyumba za watu. Pasteur mwenyewe alilifikiri jambo hilo, lakini hesabu ilimshinda. Mbwa wa Paris peke yake walikuwa zaidi ya 100,000, na kila mmoja angehitaji sindano nyingi. Sungura wote hao wangetoka wapi?

Jibu lilipatikana Japani. Mwaka wa 1921 wataalamu wawili, Umeno na Doi, walieleza dawa ya mbwa iliyotosha kwa sindano moja tu. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuwachanja mbwa wa mji mzima. Hata hivyo dawa peke yake haikutosha. Baada ya vita kuu ya pili, mambo yalipokuwa yamevurugika, ugonjwa uliongezeka tena huko Japani. Mwaka wa 1950 serikali ilitoa sheria: kila mbwa aandikwe, achanjwe kwa wakati wake, na mbwa wazururao wakamatwe. Miaka 7 tu ilipita. Tangu mwaka wa 1957 hakuna aliyeambukizwa kichaa cha mbwa ndani ya Japani; wachache walioonekana nacho walikuwa wameumwa katika nchi nyingine.

Labda msomaji atasema: Japani ni nchi tajiri, sisi je? Basi tutazame Pemba, kisiwa cha Tanzania, ambako watu husema Kiswahili kama sisi. Tangu mwaka wa 2010 wataalamu walifuata habari za kila mbwa mgonjwa kisiwani. Mbwa walichanjwa mwaka kwa mwaka, kisiwa kizima, na kazi ilizidi kufanywa vizuri. Mbwa wagonjwa wakapungua, watu walioumwa wakapungua, na ilipofika Mei 2014 ugonjwa ukatoweka. Ndipo watu wakapumzika. Sindano za kila mwaka zikaachwa. Mwishoni mwa mwaka wa 2016 ugonjwa uliingia tena kutoka nje, mara mbili, ukawakuta mbwa hawana kinga, ukaenea. Ilibidi kazi ianzwe upya, mbwa wa kisiwa kizima wakachanjwa tena, na mwezi wa Oktoba 2018 ukaondolewa mara ya pili.

Fundisho la Pemba ni kubwa. Ugonjwa haukurudi kwa sababu dawa ilikuwa mbaya. Ulirudi kwa sababu sindano za jana zilihesabiwa kuwa zatosha kwa leo.

Tufanye hesabu kidogo, kama watoto shuleni. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika 100 wakiwa na kinga, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukafa wenyewe. Basi, tuseme kijiji chetu kina mbwa 100, na 70 wamechanjwa mwaka huu. Katika muda wa mwaka mmoja mbwa 30 wanakufa, 21 kati yao wakiwa wale waliochanjwa. Na watoto wa mbwa 30 wanazaliwa. Mbwa ni 100 tena, lakini wenye kinga ni 49 tu. Hakuna aliyefanya kosa, wala hakuna aliyeona badiliko lolote. Walakini mlango umefunguka. Tena, hata katika mbwa yule aliyechanjwa nguvu ya sindano hupungua siku kwa siku. Ni kama nyumba ya nyasi. Nyasi za zamani zilizuia mvua ya zamani. Asiyeezeka upya atalowa.

Hapa kwetu Kongo kichaa cha mbwa hakijatoka. Duniani kote hukadiriwa kwamba huua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Karibu wote wameupata kwa mbwa. Ndiyo sababu twawaomba wazazi na wenye mbwa watende hivi. Mtoto wa mbwa akitimiza miezi 3, apelekwe kwa daktari wa mifugo kuchanjwa. Mwaka ukipita, arudishwe. Baadaye achanjwe kila mwaka, au kama kadi yake inavyosema, kwa maana dawa nyingine hudumu zaidi ya mwaka. Kadi hiyo itunzwe pamoja na karatasi nyingine za nyumba, isiachwe iliwe na panya. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na siku hiyo sasa ni siku ya dunia nzima ya kupigana na kichaa cha mbwa. Ni siku nzuri ya kuitoa kadi na kusoma tarehe yake.

Na mtu akiumwa, chuma cha moto kisitumike, wala pilipili, wala kungojea ili kuona kama mbwa atakufa. Kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali siku ile ile. Mtoto asigombezwe kwa kuchezea mbwa, asije akaficha kidonda chake. Tumkumbuke Louise Pelletier na siku zake 37.

Sindano ya mbwa yahitaji safari, pengine na franka ambazo si rahisi kuzipata. Twajua. Lakini majirani wa kijiji kimoja waweza kupatana, wakamwita daktari wa mifugo aje siku moja kwa mbwa wa wote. Maana mbwa wa jirani asiyechanjwa ni hatari kwa watoto wako pia. Watu wa Eshnunna walimhukumu yule tu aliyekuwa amekwisha kuonywa. Wasomaji wapenzi, sisi nasi tumekwisha kuonywa.