Mapumziko ya wawili: mkitokea Kwa Sadala, mwende wapi?

Kila siku magari ya watalii yanapita Kwa Sadala kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha. Wageni wanatoka Ujerumani na Marekani kuja kupumzika hapa mlangoni kwetu. Sisi wenyewe tukipanda gari la mbali, mara nyingi ni msiba, harusi au hospitali. Makala hii ni ya mume na mke waliokwisha kukubaliana kwamba mwaka huu watatoka wawili tu, na sasa wanabishana waende wapi.

Ubishi huo kwa kawaida huanza na picha. Mmoja ameona Zanzibar kwenye simu, mwingine anasema bora mbuga ya wanyama. Tunashauri mahali pawe swali la mwisho. Kwanza ulizaneni mna siku ngapi, mtaondoka mwezi gani, na nani atabaki na ng'ombe.

Hesabu siku, si kilomita

Chukueni mfano wa siku nne, maana wengi wetu hatupati zaidi ya hapo. Mwenye ajira anayo haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, lakini mwenza wake mwenye shamba au genge sokoni hana wa kumpa likizo.

Tuseme mmechagua Zanzibar kwa njia ya barabara. Siku ya kwanza inaishia kwenye basi, kwani Moshi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Mnalala Dar. Siku ya pili asubuhi mnapanda boti ya kasi, safari ya kama saa mbili, na mchana mko Unguja. Kwa kuwa siku ya nne ni ya basi la kurudi, jioni ya siku ya tatu lazima muwe mmesharudi Dar. Ukitoa na usiku wa kulala, siku nne zimewapa saa chache za ufukweni, na nauli mmelipa mara nne kila mmoja: basi, boti, boti, basi.

Sasa chukueni siku zilezile nne mwende Tanga. Mkiondoka Moshi asubuhi, mchana au alasiri mmeshafika. Siku ya pili na ya tatu ni zenu zote. Bahari ni ileile ya Hindi. Kuna Raskazone kwa kuogelea, mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni, na anayetaka utulivu zaidi anaweza kuendelea kusini hadi Pangani. Kwa siku nne na mfuko wa kawaida, sisi tungechagua Tanga bila kusitasita. Zanzibar isubiri mwaka mtakaopata siku saba, au mtakapoweza kulipia ndege kutoka KIA, ambayo iko hapahapa Hai.

Tena Pangani ina jambo linalowahusu watu wa huku. Chemchemi za Chemka zinaingiza maji yake Mto Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka bwawani mto unashuka kwa jina la Pangani hadi baharini. Mkisimama pale mdomoni mnatazama maji yaliyoanzia kwenu.

Mwezi gani

Desemba tunaifuta. Ndugu wa Dar na Arusha wanapanda mlimani kwa Krismasi, na nyumba yenu ndiyo inayopokea wageni. Mkiondoka hapo mtakuwa mmeanzisha kesi ya ukoo. Januari ni ada na sare za shule, na mabasi ya kwenda Dar yamejaa wanaorudi kazini. Machi hadi Mei ni masika: shamba linawahitaji, na barabara za vumbi zinageuka tope.

Kinachobaki kizuri ni baada ya kuvuna mahindi, kuanzia Julai hadi Septemba, wakati mvua imekatika. Tatizo ni kwamba Julai na Agosti ndipo watalii wa nje wanapojaa, hasa Zanzibar na mbugani, na bei za vyumba zinapanda. Familia yenye kahawa nayo huwa inachuma miezi hiyo. Kila nyumba itafute wiki yake. Wenye watoto wakumbuke pia kwamba kumwachia bibi watoto wanaokwenda shule ni rahisi kuliko kumwachia watoto walio likizo.

Na ng'ombe wa ndani? Huyo ndiye anayevunja safari nyingi kuliko fedha. Kukata majani, kukamua na kupeleka maziwa ni kazi ya kila siku, na jirani akisaidia bure siku moja, siku nne ni mzigo. Mlipeni, au mwachieni maziwa ya siku hizo, na mkubaliane kabla hamjakata tiketi.

Kwenda kusalimia ukweni

Hapa tutasema wazi. Wengi wanahesabu safari ya kwa wazazi kuwa ndiyo mapumziko. Ni safari ya heshima na iendelee. Lakini mke akifika ukweni huwa anaingia jikoni kabla ya kufungua mfuko wa nguo, na mume akiwa kwa wakwe anakaa kwa adabu tangu asubuhi hadi usiku. Hakuna aliyepumzika. Kama fedha zinatosha safari moja tu, amueni pamoja ni ipi, na msiite hiyo moja kwa jina la nyingine. Mzee wa nyumbani naye aambiwe mapema, kwa sababu akisikia kwa majirani kwamba mko Tanga mnaogelea, maelezo yatakuwa marefu.

Kama mna siku moja tu

Siku moja inatosha, na kwetu huku inatosha kuliko kwa wakazi wa mikoa mingine mingi.

Chemka, ambayo wengine huiita Kikuletwa au Maji Moto, iko upande wa Rundugai, na njia yake inakatia Boma Ng'ombe. Licha ya jina, maji hayachomi, ni ya uvuguvugu, tena yanaonekana hadi chini. Nendeni asubuhi siku ya kazi, maana mwishoni mwa wiki pamejaa na muziki uko juu. Maji ni ya kina. Asiyejua kuogelea akae ukingoni, na asikubali kuruka kwa kamba kwa sababu vijana wanamshangilia.

Materuni, juu ya mji wa Moshi, ina maporomoko marefu na wenyeji wanaoonyesha namna kahawa inavyokaangwa na kutwangwa. Kwa mtu wa Masama au Machame kulipia kuonyeshwa kahawa ni kichekesho, ila maporomoko yenyewe yanafaa safari.

Marangu ina maporomoko ya Kinukamori na Kilasiya. Wenye miguu mizuri wanaweza kuingia Hifadhi ya Kilimanjaro kwa lango la Marangu na kutembea hadi kibanda cha Mandara, mita kama 2,700 juu ya usawa wa bahari, na kurudi siku hiyohiyo. Mnapita ndani ya msitu wenye mbega. Mtu aishie chini ya mlima miaka 40 bila kuingia msitu wake! Tunao wengi. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au ujauzito amuone kwanza mhudumu wa afya. Chukueni koti, hata kama huku chini jua ni kali.

Wanaotaka wanyama wasikimbilie Serengeti. Hifadhi ya Arusha iko njiani, mnaingilia Usa River, na ina twiga, nyati, mbega na maziwa ya Momella. Inatosha kwa siku moja, ingawa gharama ya gari ndiyo kubwa, hivyo heri kuchanga na wenza wengine wawili au watatu.

Kwenye hifadhi za taifa Mtanzania analipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa nje, na lazima aonyeshe kitambulisho. Langoni hawapokei fedha taslimu. Mnapewa namba ya malipo mnalipia kwa simu au benki, kwa hiyo hakikisheni salio liko kwenye simu kabla ya kufika mahali mtandao unapokatika.

Ziwa Chala, mpakani na Kenya, ni zuri kulitazama. Kuogelea hatushauri. Mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliuawa na mamba humo.

Fedha ya chumba

Matapeli wanafungua kurasa zenye picha nzuri za nyumba za wageni, wanataka malipo yote mapema, kisha simu inazimwa. Kabla ya kutuma chochote, piga simu ya video umwambie mwenye nyumba akuonyeshe chumba na geti la nje saa hiyohiyo. Lipeni kwa namba ya biashara yenye jina la nyumba hiyo, si la mtu binafsi, na tangulizeni sehemu tu. Ujumbe wa kitapeli unatumwa kwenda namba 15040.

Mkipiga hesabu, tengeni kwanza nauli ya kurudi na akiba ya dharura, mziweke kwenye simu ya yule asiyeshika matumizi ya njiani. Kinachobaki ndicho cha chumba, chakula na viingilio. Kama hakitoshi usiku wa tatu, punguzeni usiku, msiguse nauli.

Mambo madogo ya pwani

Bebeni vitambulisho vyote viwili, kwani boti na nyumba za wageni watavitaka. Ulizeni kama chumba kina chandarua: mtu wa juu kule Machame hajazoea mbu wengi, na malaria ya pwani humshika vibaya. Zanzibar mavazi ya mjini ni ya staha, na mwezi wa Ramadhani hakuna kula hadharani mchana, hata kwa asiyefunga. Pangani, ogeleeni baharini, si mtoni, kwa kuwa mto ule una mamba. Na tiketi ya basi la kurudi ikateni siku mnayofika, si asubuhi ya kuondoka.