Linux: toka sidii za posta mpaka toleo la Aprili 2026

Toleo la Ubuntu, namba 26.04, lilipangiwa kutoka Aprili 2026. Ubuntu ni mojawapo ya mifumo ya kuendesha kompyuta iliyozaliwa na Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991. Haiuzwi.

Ubuntu ya kwanza ilitoka Oktoba 2004. Mpaka 2011, asiyekuwa na intaneti aliweza kuletewa sidii kwa posta, bila malipo. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia nyaraka, kwa Kiswahili.

Sidii hazitumwi tena, lakini ruhusa ya kunakili imebaki. Mmoja akipakua Kindu, wengi wa Kasongo na Kabambare watanakili kwa flashi.

Kabla ya kuiweka, hifadhini nyaraka zote pembeni. Orodha ya familia zilizohama ikifutika, nani ataiandika upya? Halafu ijaribuni ikiwa kwenye flashi, bila kugusa diski. Asiye na haraka angoje marekebisho ya kwanza.