Bomba la pamoja: Nani humlinda mteja wa maji Kasoli?

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Kata ya Kasoli na mkazi wa mji wa Bariadi wanaishi katika mkoa mmoja wa Simiyu, lakini mbele ya sheria za maji hawako sawa.

Wa mjini ni mteja wa mamlaka ya maji ambayo bei zake hupitiwa na mdhibiti aliyewekwa kisheria. Wa Kasoli, iliyo chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi, yumo katika utaratibu wa vijijini, ambako huduma hutolewa na chombo cha wananchi wenyewe chini ya uangalizi wa wakala wa Serikali.

Tofauti hiyo huonekana siku bei inapopanda, mita inaposoma vibaya au gati linapofungwa bila maelezo.

Kwa nini udhibiti

Mteja wa sukari akiona bei kubwa katika duka moja huvuka barabara akaenda duka la pili. Mteja wa bomba hana duka la pili. Mtandao wa mabomba ni ghali kuujenga, hivyo kijiji hakiwezi kuwa na mitandao miwili inayoshindana, na anayemiliki bomba ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya bei, ubora na saa za huduma.

Katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.1 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, ambao wengi wao hutegemea kilimo cha pamba na mifugo, njia mbadala ya bomba mara nyingi ni kisima cha wazi au shimo lililofukuliwa katika mchanga wa mto uliokauka. Ndiyo maana kukatiwa maji si suala dogo la bili.

Kutoka maji ya bure hadi maji ya kulipia

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji karibu na makazi yake. Gharama zilibebwa na Serikali. Mpango huo haukufikia lengo, na miradi mingi ilisimama kwa kukosa mafuta, vipuri na mafundi.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikuja na msimamo mwingine: wananchi wa vijijini wamiliki miradi, waiendeshe na wachangie gharama zake. Sera hiyo iliweka pia kipimo cha huduma, yaani lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250.

Kwa upande wa mijini, Sheria ya mwaka 2001 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), iliyoanza kazi mwaka 2006. Vijijini, sheria ya mwaka 2009 ilitambua vyombo vya watumiaji maji, vikiwa karibu na halmashauri za wilaya.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019, iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Wakala huo ulianza kazi Julai 2019, na wahandisi wa maji wa halmashauri wakahamishiwa kwake.

Chombo cha wananchi

Chini ya sheria hiyo, miradi ya vijijini huendeshwa na Vyombo vya Utoaji wa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii, vinavyojulikana kwa kifupi kama CBWSO. Chombo husajiliwa, huwa na katiba yake, na kinaweza kumiliki mali, kutoza ada, kuajiri na kukata huduma kwa asiyelipa.

RUWASA imekuwa ikiviunganisha vyombo vidogo vya kijiji kimoja kimoja viwe vikubwa zaidi, ili viweze kumlipa fundi na mhasibu wenye taaluma.

Uzito wa bei huonekana kwa hesabu ndogo. Tuchukue mfano wa gati linalouza ndoo ya lita 20 kwa Sh 50. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50, hivyo mchota maji anakuwa amelipa Sh 2,500 kwa uniti.

Familia ya watu sita ikitumia lita 25 kwa kila mtu itahitaji lita 150 kwa siku, au uniti 4.5 kwa mwezi wa siku 30. Gharama yake ni Sh 11,250. Bei ikiongezwa Sh 10 tu kwa ndoo, gharama hupanda hadi Sh 13,500.

Bei ikiwa ndogo mno, hata hivyo, chombo hakitakuwa na fedha za kununua pampu inapoungua. Kazi ya udhibiti ni kuipata bei inayotosha kulinda mradi bila kumkamua mteja.

Ngazi mbili za ulinzi

Mjini, mamlaka ya maji inayotaka kupandisha bei hupeleka maombi EWURA, na kabla ya uamuzi hufanyika mkutano wa taftishi ambako wananchi hutoa maoni. Katika mikutano hiyo, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji husimama kwa niaba ya watumiaji.

Mwenye malalamiko huanza kwa mtoa huduma. Asiporidhika huenda EWURA, na uamuzi wa EWURA unaweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Ushindani.

Kijijini, malalamiko huanza kwa uongozi wa chombo cha maji, kisha hupelekwa ofisi ya RUWASA ya wilaya. Mwananchi anayo pia silaha ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na ambako anaweza kudai kusomewa mapato na matumizi.

Udhaifu wa utaratibu huu ni kwamba RUWASA ndiyo inayosanifu na kujenga miradi, na ndiyo inayosimamia vyombo vinavyoiendesha. Mwananchi anayelalamika kuwa mradi ulijengwa vibaya hulazimika kupeleka lalamiko lake kwa aliyeujenga.

Mfano wa nje

Pengo la namna hii si la Tanzania pekee. Katika nchi za baridi, mitaa mizima hupashwa joto kwa maji moto yanayopita katika mabomba ya pamoja. Denmark ilitunga sheria ya huduma hiyo mwaka 1979, kwa msingi kwamba mteja alipe gharama halisi pasipo mtoa huduma kujipatia faida.

Nchini Uingereza, wateja wa mabomba hayo walikaa miaka mingi bila mdhibiti, ilhali majirani zao wa umeme na gesi walikuwa naye. Sheria ya Nishati ya mwaka 2023 ndiyo iliyoipa mamlaka ya Ofgem kazi hiyo, na usimamizi wake ulianza Januari 2026.

Maji ya ziwa

Suala hili litazidi kuwa na uzito mkoani Simiyu kutokana na mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kupitia Busega. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mpango huo kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW.

Uzoefu wa mkoa jirani wa Shinyanga unafundisha. Mradi wa Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009, huendeshwa na KASHWASA, ambayo huuza maji kwa jumla kwa mamlaka za miji na kwa vyombo vya vijiji vilivyo kando ya bomba. Bei ya jumla hudhibitiwa na EWURA, lakini mwanakijiji hulipa pia gharama za chombo chake.

Hivyo mteja wa kijijini anayetaka kujua kama anatozwa kwa haki anapaswa kuuliza mambo matatu: maji yamenunuliwa au kuzalishwa kwa kiasi gani, uendeshaji umegharimu kiasi gani, na akiba ya matengenezo iko wapi.

Majibu ya maswali hayo ni haki ya kila anayechota na kulipa, awe na mita nyumbani au ndoo kichwani.