Kusomea Nyumbani: Wazazi Walishinda Kesi, Madogo Hawakuulizwa

Kuna mabinti wawili Marekani ambao stori zao zinaanza sawa kabisa. Wa kwanza ni yule mwimbaji wa Los Angeles aliyezoa tuzo nne kubwa za Grammy usiku mmoja, Januari 2020, akiwa na miaka 18 tu. Alisomea nyumbani, na albamu iliyompa ushindi ilirekodiwa chumbani kwa kaka yake. Wa pili ni binti wa milimani huko Idaho, ambaye kitabu cha maisha yake kilitoka 2018 na kikauza balaa. Naye eti alikuwa anasomea nyumbani, ila siku nyingi zilipita akichambua vyuma chakavu kwenye uwanja wa baba yake. Darasani aliingia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 17, tena chuo kikuu, na huko ndiko alikojua kwamba Hitler aliua mamilioni ya Wayahudi.

Nchi moja, uhuru uleule, matokeo mbali kama mbingu na ardhi. Ilikuwaje?

Zamani hizo Wamarekani wengi walijifunzia kusoma nyumbani, kanisani au kwa jirani mwenye vitabu. Abraham Lincoln, ukijumlisha siku zake zote za darasani, hazifiki hata mwaka mmoja. Mambo yalibadilika 1852, jimbo la Massachusetts lilipopitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wa miaka 8 hadi 14 kwenda shule angalau wiki 12 kwa mwaka. Majimbo mengine yakafuata moja moja, na Mississippi ikawa ya mwisho mwaka 1918. Kuanzia hapo, sehemu nyingi mzazi anayemfungia mtoto nyumbani alikuwa anavunja sheria.

Ukaja mwaka 1968. Baba watatu wa jamii ya Waamish, Wakristo wanaoishi kijijini bila umeme wa gridi wala magari yao wenyewe, waligoma kuwapeleka watoto wao sekondari huko Wisconsin. Darasa la nane linatosha, walisema. Baada ya hapo mtoto ajifunze kulima, kutunza nyumba na kumcha Mungu. Sheria ya jimbo ilitaka mtoto asome hadi afikishe miaka 16. Wakashtakiwa, kila mmoja akapigwa faini ya dola 5.

Dola 5 tu! Ila kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1972 wale baba wakashinda. Mahakama ilisema dini yao ina uzito kuliko ile miaka michache ya sekondari.

Hapo kuna kitu wengi hukiruka. Jaji mmoja, William Douglas, hakukubaliana na wenzake kwa kila kitu. Aliuliza: mbona mnazungumzia haki za baba na haki za serikali tu, watoto wenyewe wako wapi? Huenda mmoja anatamani kupiga piano au kuwa mwanaanga. Kati ya watoto watatu wa kesi ile, ni binti mmoja tu aliyetoa ushahidi na kusema hata yeye hakutaka sekondari. Kwa huyo, Douglas alikubali. Kwa wale wawili wengine alikataa, kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Swali lake likaachwa hapo, ugomvi ukaendelea bila madogo. Waamish walipata ruhusa kwa ajili ya dini yao, lakini wazazi wengine waliendelea kuitwa mahakamani. Utah, baba mmoja aliwatoa watoto wake shule mwaka 1973 na akagoma kutii amri za mahakama. Januari 1979 maofisa walikwenda kumkamata akiwa nje ya nyumba yake. Alikuwa na bastola. Walimpiga risasi, akafa.

Wakati huohuo, wazo lenyewe lilikuwa linasambaa kwa njia ya posta. Mwalimu John Holt, aliyeandika mwaka 1964 kuhusu jinsi shule zinavyowafanya watoto waogope kukosea, alichoka kusubiri shule zibadilike. Mwaka 1977 alianzisha Boston jarida dogo la familia zinazosomesha nyumbani. Wasomaji waliandikiana humo: nani kakamatwa, hesabu afundishe vipi, mkaguzi akigonga mlango ajibiwe nini. Ni kama grupu la WhatsApp la wazazi, ila la karatasi na stempu. Upande wa pili walikuwepo Raymond na Dorothy Moore, mke na mume Waadventista, ambao walisema mtoto mdogo asiharakishwe darasani. Holt aliwavuta waliotaka mtoto awe huru, na akina Moore wakawavuta watu wa kanisa. Makundi hayo mawili hayakufanana kwa mengi, lakini adui wao alikuwa mmoja.

Mwaka 1983 wanasheria Wakristo walianzisha chama cha kuwatetea wazazi hao, na kufikia 1993 kusomea nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Ushindi ulikuwa mkubwa kweli. Texas hadi leo mzazi halazimiki kumjulisha yeyote kwamba anafundisha nyumbani. Mzazi makini hapo anapumua. Ila mzazi asiyefundisha chochote naye anapumua vilevile, na hakuna wa kubisha hodi.

Ujerumani walichagua njia tofauti kabisa. Shule ni lazima tangu katiba ya 1919, na sheria ya 1938, enzi za Wanazi, ilikaza zaidi. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliunga mkono msimamo wa Ujerumani kwamba watoto wa imani tofauti wanapaswa kukutana darasani. Familia moja ilikimbilia Tennessee mwaka 2008 kuomba hifadhi. Miaka sita baadaye walishindwa mahakamani, lakini serikali ya Marekani ikawaacha wabaki.

Halafu ikaja korona. Takwimu za Ofisi ya Sensa ya Marekani zinaonyesha kwamba kati ya masika na vuli ya 2020, familia zinazosomesha nyumbani zilipanda kutoka asilimia 5.4 hadi 11.1. Kwa familia za Wamarekani Weusi zilipanda kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Ile picha ya kusomea nyumbani kama mambo ya wazungu wa kanisani ikafutika ndani ya miezi michache.

Na wale watoto ambao Douglas aliwaulizia? Walikua. Mwaka 2013 baadhi ya waliosomeshwa nyumbani waliunda shirika lao. Hawadai kusomea nyumbani kupigwe marufuku. Wanataka mtu wa nje awe anamwona mtoto, ajue anasoma kweli na hapigwi. Yaani miaka 41 baada ya ile kesi, madogo ndio wakapata kusema.

Afrika Mashariki sheria bado iko upande wa shule. Tanzania, Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aandikishwe shule ya msingi. Kenya, sheria ya 2013 inambana mzazi ahakikishe mwanawe anahudhuria. Hata hivyo wapo wazazi Nairobi wanaofundisha sebuleni, wengine kwa sababu ya imani, wengine kwa sababu wamechoshwa na madarasa yaliyojaa. Mjadala ukifika bungeni au mahakamani, wazazi watakuwa na wakili, na serikali itakuwa na wakili.

Sasa kazi kwenu: dogo wa miaka 12 aulizwe anataka kusomea wapi, au bado ni mapema? Tiririka hapo chini.