Paka akisusa chakula na kukosa kusogea, usingoje kesho

Katika maboma mengi ya Nyeri, Karatina na Othaya, paka hufugwa kwa kazi moja tu, nayo ni kulinda mahindi dhidi ya panya. Ng'ombe wa maziwa akikataa malisho, daktari hupigiwa simu mara moja. Paka akisusa chakula na kujikunja chini ya kitanda, husemwa kwamba atapona mwenyewe. Kauli hiyo ni ya hatari, kwa sababu mnyama huyu huficha maumivu hadi nguvu zinapomwishia.

Paka aliyekosa kula kwa saa 24 anafaa kuonwa na daktari wa mifugo. Ikiwa pia hasogei, hata saa hizo ni nyingi. Mnene ndiye aliye hatarini zaidi: akikaa siku mbili au tatu bila chakula, mafuta ya mwili hurundikana kwenye ini, ini hushindwa kufanya kazi, na ufizi hugeuka manjano. Hapo njaa yenyewe huwa imezaa ugonjwa mpya.

Kwa paka dume, jambo la kwanza kuchunguza ni mkojo. Akichutama mara kwa mara, akilia bila kutoa kitu, huenda njia ya mkojo imeziba. Ni rahisi kudhani amefunga choo na kumnywesha mafuta, ilhali sumu zinarudi kwenye damu na moyo unaweza kusimama katika muda wa siku mbili au tatu. Huyu hupelekwa kwa daktari usiku huo huo.

Sumu nayo ina sura yake katika eneo hili la wafugaji. Dawa ya kupe iliyobaki baada ya kunyunyizia ng'ombe hupakwa paka ili kuua viroboto. Dawa zenye amitrazi humlegeza na kumpoza mwili. Zile zenye permethrini humtetemesha hadi kifafa. Aoshwe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, akaushwe, afunikwe, kisha apelekwe kwa daktari pamoja na chupa ya dawa. Sumu ya panya huchelewa: nyingi huzuia damu kuganda, na dalili hujitokeza baada ya siku kadhaa. Matibabu yake ni vitamini K1. Maziwa, ambayo wengi huyakimbilia, hayaiondoi sumu hiyo.

Asipewe Panadol kamwe. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja parasetamoli, na hata kidonge kimoja chaweza kumuua.

Kuna jambo moja linalomhusu binadamu mwenyewe. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na si lazima awe mkali. Wakati mwingine hupooza tu, taya likalegea, mate yakachuruzika na asiweze kumeza. Watu humfungua kinywa wakidhani amekwamwa na mfupa, na hapo ndipo wanapoumwa. Mwenye dalili hizo asiguswe kwa mikono mitupu. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kuchanjwa. Ofisi ya mifugo ya kaunti nayo iarifiwe. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki.

Pasipo dalili hizo, inua mdomo wa juu kidogo utazame ufizi. Weupe, umanjano au ubuluu ni dharura; vivyo hivyo kuhema kinywa wazi, au miguu ya nyuma iliyopooza na kuwa baridi. Usimlazimishe kula wala kunywa, kwani chakula chaweza kuingia mapafuni. Katika baridi ya Julai, mwekee chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, umsafirishe katika katoni yenye matundu.

Madaktari wengi wa Nyeri, Nanyuki na Kerugoya wamezoea ng'ombe, hivyo piga simu kwanza uulize kama anatibu paka. Muuza dawa wa agroveti si lazima awe daktari. Uliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwambie paka alikula lini mara ya mwisho, alikojoa lini, na ni dawa gani iliyonyunyiziwa bomani wiki hiyo.